Aliyemjua Théodore Kabla ya Masika

Ukiuliza Rosettenville ni nani anayeshona mapazia vizuri, utaelekezwa kwa Masika. Chumba chake cha kushonea kiko nyuma ya duka la Mreno mmoja anayekaanga samaki, na wateja wamezoea kupokea mapazia mapya yenye harufu kidogo ya mafuta. Hawalalamiki, maana mshono wake umenyooka. Yeye ni Mnande wa Butembo, Kongo, mwembamba, mwenye mikono mikubwa na ulimi usiochelewa. Alifika Johannesburg mwaka 2012. Mwaka uliofuata alimwona Théodore akipanga viti kanisani, mwanamume mpole wa Bukavu anayefanya kazi ya ulinzi, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wamefunga ndoa. Wana binti mmoja, Arlène, anayesikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza.

Masika alikuwa na wivu, na hakuuficha. Kanisa zima lilijua. Wakati mmoja alimtoa mumewe kwenye kwaya kwa sababu ya dada mmoja wa sauti ya kwanza aliyekuwa na mazoea ya kumtengenezea kola. "Hiyo kola naishona mimi," Masika alimwambia yule dada mbele ya watu, "na ikipinda nitainyoosha mimi." Watu walicheka. Théodore naye alicheka, akarudi kwenye viti vyake.

Kilichokuwa kikimtuliza ni simu. Kila siku, zamu ikiisha, Théodore alimpigia kabla hata hajavuka barabara: "Nimetoka. Niko njiani." Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuruka siku. Masika alijigamba nayo mbele ya wanawake wenzake. "Wenu wanawapigia wakiishiwa na pesa," alikuwa akisema. "Wangu ananipigia akiweka tu mguu nje ya geti."

Basi, mwaka jana kampuni ya Théodore ilipewa kazi ya kulinda jengo moja la serikali lenye mitambo ya kuhifadhia kumbukumbu. Bosi wake alimtaka awe mkuu wa chumba cha kamera. Uraia alikuwa nao tayari, lakini katika jengo lile haingii mtu yeyote kabla serikali haijamchunguza na kumpa kibali cha usalama. Alipewa fomu nene kama daftari la shule. Jumapili baada ya ibada walikaa mezani, Masika akashika kalamu, kwa kuwa mwandiko wa Théodore hausomeki.

Walianza vizuri. Majina ya wazazi, miji aliyoishi, ndugu walioko nje ya nchi. Walipofika swali la kama anadaiwa jambo lolote na ofisi ya kodi, Théodore alisema kampuni humkata kila mwezi, kwa hiyo hadaiwi. Masika aliandika hapana haraka haraka, akafunua ukurasa.

"Umewahi kutumia dawa za kulevya?" alisoma, akicheka. "Weye? Hata bia unaiacha nusu. Naandika hapana."

"Usiandike," Théodore alisema.

Kalamu ilibaki hewani.

"Mama Arlène, nilivuta unga. Miaka miwili. Ni kabla yako."

Alieleza akitazama kitambaa cha meza. Mwaka 2008, wakati wageni walipofukuzwa na kupigwa mitaani, kibanda chake cha simu kilichomwa moto. Alikimbilia karakana moja Jeppestown, akalala humo na vijana wengine waliopoteza kila kitu. Wale vijana walivuta, naye akavuta. Alishtuka amekuwa mtu wa kuiba nyaya za shaba na kuziuza ili apate kete ya siku hiyo.

Mke mwingine angeuliza habari za unga. Masika aliuliza, "Nani alikutoa?"

"Kulikuwa na nyumba ya watu wa kanisa, kule Observatory. Waliwachukua watu kama mimi. Kulikuwa na mtu anaitwa Chloé. Alikuwa akituhudumia."

"Mtu?"

"Mwanamke. Wa Lubumbashi."

"Alikuhudumia tu?"

Théodore alikuwa mtu wa kweli akishabanwa. "Nilipopona tulikaa pamoja. Mwaka mmoja na nusu. Kisha tukaachana, kila mtu akashika njia yake. Bon, ndiyo hivyo."

Masika aliinuka, akaenda jikoni, akaosha sahani zilizokuwa safi. Kama huyo Chloé angekuwa mwanamke wa kawaida, mwanamke wa kucheza naye na kwenda naye sinema, Masika angejua la kufanya. Wanawake wa namna hiyo alikuwa amewafukuza wengi. Huyu alikuwa amemsafisha Théodore matapishi. Alikuwa amemwona akitetemeka. Masika alijiona kama mtu aliyenunua nyumba akaipenda, akaja kuambiwa kwamba kuna mwingine aliyeijenga kwa mikono yake, na ufunguo bado anao.

Fomu ilitaka zaidi. Ilisema kwamba aliyewahi kutumia dawa aeleze lini, kwa muda gani, na nani anaweza kushuhudia kwamba aliacha. Ile nyumba ya Observatory ilikuwa imefungwa zamani, na mchungaji aliyeiongoza alikuwa amefariki. Aliyebaki ni Chloé, bado akiishi mtaa uleule. Théodore alipata namba yake kwa mtu wa kanisa lingine, na Chloé akakubali kuandika barua na kuapa mbele ya polisi kwamba ni kweli.

"Nitaenda kuichukua mimi," Masika alisema.

"Anaweza kuipiga picha na kuituma."

"Wanataka yenyewe, yenye mhuri. Nitaenda mimi."

Siku ya kwenda alivaa gauni lake la bluu la harusi za watu, akasuka nywele upya, akapaka mafuta mazuri. Alipanda mpaka Observatory akiwa amejiandaa kukutana na mwanamke mrefu mwenye kiuno. Mlango ulifunguliwa na mama mnene mwenye miguu iliyovimba, aliyevaa kandambili na aproni yenye madoa ya uji. Nyuma yake watoto wadogo wa watu, kama kumi hivi, walikuwa wakila. Alikuwa akiwalea mchana wazazi wao wakiwa kazini.

Masika alitegemea kufurahi kwa kumwona hivyo. Hakufurahi. Kama Chloé angekuwa mzuri, Masika angesema Théodore alifuata uzuri.

"Karibu, mama," Chloé alisema, akimwondolea mdoli kwenye kiti. "Kwa hiyo ni weye. Amenenepa?"

"Kidogo."

"Asifiwe Mungu. Alikuwa mifupa mitupu. Nilikuwa nikimlisha kwa kijiko." Alisema hivyo bila kujisifu, kama anayezungumzia mmoja wa wale watoto. Kisha akacheka. "Na simu? Bado anapiga simu akitoka kazini?"

Masika aliinua kichwa. "Simu gani?"

"Nimetoka, niko njiani. Nilimzoeza mimi. Alipoanza kibarua, nilimwambia, ukitoka tu unipigie, nikihesabu nusu saa hujafika nitajua umepita Jeppestown, nitakuja kukutafuta. Unasikia baridi? Kunywa chai, mama, umebadilika uso."

Chai hakuinywa. Alipokea bahasha, akashukuru kwa maneno mawili, akatoka. Akiteremka mlima aliifungua. Chloé aliandika kwa Kiingereza cha kukwaruza, lakini kilieleweka. Aliandika kwamba Théodore alikaa siku tisa bila kulala na hakutoroka. Kwamba siku moja alimwomba amfungie viatu vyake kabatini ili asiweze kwenda barabarani. Kwamba tangu Agosti 2010 hakumwona akigusa unga tena, na kwamba kama angekuwa na mtoto wa kumwachia mtu usiku, angemwachia yeye.

Masika alifika kwenye chumba chake cha kushonea, akafungua droo ya zipu na vifungo, akaitia barua chini kabisa, akafunika kwa kitambaa cha bitana.

"Sikumkuta," alimwambia Théodore.

Saa kumi na moja siku iliyofuata simu ililia. "Nimetoka. Niko njiani." Masika alikata bila kujibu. Kesho yake pia. Théodore aliporudi na kumuuliza kama mtandao unasumbua, alimwambia aache kumpigia, yeye si askari wa geti. Théodore alimtazama sana, akaenda kuvua sare yake.

Siku sita zilipita hivyo. Akishona, mguu wake uligusa ile droo, na kila ilipoguswa alijiambia kwamba hafanyi ubaya wowote. Barua ile si ya mumewe, ni ya mwanamke aliyetaka kukumbukwa. Mara mbili aliitoa akaisoma tena, pale pa viatu. Yeye mwenyewe, Théodore hakuwahi kumwomba amfungie kitu chochote.

Siku ya saba, bosi alidai fomu. Théodore alirudi mchana, akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani.

"Nimepiga simu ya Chloé, haipokelewi. Labda amebadilisha mawazo," alisema. "Basi, nimefikiri. Bila shahidi itakuwa ni uchafu tu juu ya karatasi. Tuandike hapana. Sikuwahi kukamatwa, hakuna rekodi popote. Nani atajua?"

Hivyo ndivyo Masika alivyokuwa akitaka, Chloé afutike, asiwe popote, hata kwenye fomu ya serikali. Lakini alimsikiliza mumewe akilisema lile "hapana" kwa kujaribu, mara mbili, mara tatu, na likatoka laini bila kukwama. Akatambua kwamba ni hapana ileile aliyoishi nayo yeye miaka kumi na moja. Kama angemsaidia kuiandika, angekuwa anamfundisha kumdanganya vizuri zaidi.

Alivuta droo, akatoa bahasha chini ya bitana.

"Ulikuwa nayo?" Théodore aliuliza.

"Tangu siku ile. Na usiniulize nimeificha juu ya nini, unajua juu ya nini."

Hakumuuliza. Aliisoma barua amesimama, na alipofika katikati akatabasamu, tabasamu dogo la upande mmoja. Masika aliliona. Mkasi ulikuwa karibu, akaushika na kuanza kukata kitambaa asichokuwa amekipima.

Waliandika ndiyo. Théodore aliandika mwenyewe safari hii, kwa mwandiko wake mbaya: unga, 2008 hadi 2010, jinsi alivyoacha. Fomu ikaenda.

Baada ya miezi miwili alikuja ofisa wa uchunguzi, mama wa makamo aitwaye Tumu, mwenye sauti ya chini na viatu vya kutembelea. Alizungumza Kiingereza polepole. Aliongea kwanza na Théodore peke yake kwa zaidi ya saa nzima, kisha akamwita Masika.

"Ulijua kwamba mumeo alitumia unga?" aliuliza.

"Nimejua mwaka huu."

"Na kabla yako nani alijua?"

Ulimi wa Masika, usiochelewa, ulichelewa. "Mwanamke aliyeandika hiyo barua," alisema. "Yeye alijua yote."

Tumu aliandika. "Nimeshaongea naye," alisema. "Na mumeo amenieleza zaidi ya nilivyomuuliza. Jambo la zaidi ya miaka kumi, aliloliacha, analolisema mwenyewe, mimi halinitishi sana. Mtu wa namna hiyo, nani atamwendea na kumwambia nipe picha za jengo la sivyo nitakuumbua? Ameshajiumbua. Anayenitisha ni mwenye kitu anachokificha leo." Alifunua karatasi nyingine, akamwita Théodore arudi. "Na kuna kitu leo. Bwana, umeandika kwamba hudaiwi chochote na ofisi ya kodi. Una biashara ya mapazia iliyosajiliwa kwa jina lako tangu 2016. Kwa miaka sita haijapeleka hesabu yoyote."

Théodore alitikisa kichwa. "Hapana, mama. Mke wangu alimlipa mtu awe anapeleka. Kila mwaka." Akamgeukia Masika amsaidie.

Walipofungua kile chumba cha kushonea, makaratasi ya Masika yalikuwa ya kuomba hifadhi, ya kuongezwa kila miezi sita, na mwenye nyumba alikataa kumwandikia mkataba. Wakatumia jina la Théodore. Miaka ya mwanzo alimlipa kijana mmoja wa Kikenya ampelekee hesabu. Yule kijana alipohama, Masika aliona gharama ya nini. Mtu mmoja sokoni alimwambia biashara ndogo hazifuatiliwi. Ujumbe wa ofisi ya kodi uliingia kwenye simu ya kazi, aliyoishika yeye. Aliufuta. Ukaingia mwingine, akaufuta. Kwa Théodore alisema kila kitu kiko sawa, na Jumapili ile mezani kalamu yake ndiyo iliyoandika hapana.

"Ni mimi," Masika alisema. "Yeye hakujua. Ujumbe nilikuwa naufuta mimi."

Kwa wiki nyingi alikuwa amemsulubu mume huyu kwa kumficha jambo. Sasa alingoja. Alijua maneno ambayo yeye mwenyewe angeyasema kama angekuwa Théodore, na alipoona hayaji akayasema mwenyewe, kwa Kiswahili, ili Tumu asielewe.

"Sema. Sema Chloé asingekufanyia hivi."

Théodore alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Kwani Chloé ameingilia wapi?" alisema. "Tunaongea habari za kodi."

Tumu alifunga kalamu yake. Alisema hawezi kuahidi lolote. Si yeye anayeamua. Faili litasimama mpaka mambo ya kodi yanyooshwe, na atakayesoma atajiuliza kama mwenye fomu alidanganya au alidanganywa. Aliwashauri wapeleke hesabu zote, za miaka yote, kabla hawajaitwa.

Walihangaika nazo miezi mitatu. Masika alitoa makopo ya biskuti aliyokuwa akiweka stakabadhi, Arlène akasoma tarehe kwa Kiingereza chake, Théodore akapanga mafungu kitandani. Faini ilikuja, wakakubaliwa kuilipa kidogo kidogo. Usajili waliuhamisha kwenye jina la Masika, kwa kuwa makaratasi yake sasa yalikuwa ya kudumu. Katika miezi hiyo Théodore hakumpigia kelele hata siku moja, na upole huo ulimchoma Masika. Alijiuliza kama huu nao alifundishwa kule Observatory.

Nafasi ya mkuu wa chumba cha kamera haikungoja. Alipewa Hénock, mwenzake mdogo kwa miaka minane. Mke wa Hénock alikuja kanisani na mkoba mpya, na Masika akauona toka mlangoni, akautazama ibada nzima. Hata mshono wake alijua ni wa mashine gani. Jibu la Théodore lilitoka Juni. Kibali alipewa, lakini cha daraja la chini. Angefanya kazi kwenye jengo lile, getini na kwenye korido, si mbele ya kamera. Alikipokea kwa mikono miwili. Masika alimwambia pole, na hongera, akashindwa kujua ni lipi alilotakiwa kusema kwanza.

Jumamosi moja ya Julai, baridi kavu ikiwa imeshika mji, Masika alimwambia, "Nipeleke Jeppestown. Nataka kuona."

"Kuona nini? Ni karakana tu."

"Yeye alipaona?"

"Alipaona."

"Basi nipeleke."

Walisimama mbele ya jengo la matofali lenye mlango wa bati. Ndani watu walikuwa wakichomelea mageti, cheche zinaruka. Théodore alimwonyesha kona aliyokuwa akilala, mahali palipokuwa na bomba la maji, ukuta waliouegemea kuota jua. Alieleza kwa ufupi, na Masika alijua kwamba maelezo hayo yamewahi kutolewa, maana yalikuja yamepangika.

Kisha akatia mikono mifukoni, na aliposema tena sauti ilikuwa nyingine.

"Mama alipokufa, kaka alinipigia simu nikiwa hapa. Hapa kwenye mlango. Nilikuwa nimevuta. Akaniambia mama ametuacha, na mimi nikacheka. Sikuweza kujizuia, nikacheka mpaka akakata. Mpaka leo kaka anafikiri mtandao ulikuwa mbaya, kwamba nilikuwa nalia."

Masika alimshika mkono. Alimhurumia, akamfikiria yule mama wa Bukavu ambaye hakuwahi kumwona. Wakasimama hivyo muda mrefu, mpaka fundi mmoja akawauliza kama wanataka geti.

Wakigeuka kuondoka, aliuliza. Alijua asiulize, akauliza.

"Na Chloé? Anajua hilo?"

"Hapana. Hakuna anayejua. Hata kwenye fomu sikuandika."

Masika alitazama mbele, Théodore asije akamwona usoni. Walipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, alikuwa bado amemshika mkono, na furaha aliyokuwa nayo ilimtia haya, lakini ilikuwa furaha.